Wanzuki, Nsansa na Utumbo Wangu

Kwa miaka ishirini na miwili nimekunywa wanzuki, na kwa miaka yote hiyo nimesema sinywi. Nimemwambia hivyo mchungaji, nimemwambia dada yangu, nimewaambia wakubwa wangu wa kazi, na wiki tatu zilizopita nimemwambia muuguzi aliyekuwa ananijazia fomu kabla sijaingizwa mpira wenye kamera. Wanzuki, kwa asiyetoka huku kwetu Tabora, ni pombe ya asali: asali, maji ya uvuguvugu, chachu, na siku chache za subira. Moyoni nilijitetea kwamba ni asali tu iliyochelewa kuliwa. Mtu aliyefika chuo kikuu hakosi maneno.

Ninalikiri hilo leo kwa sababu ya kinyama kidogo kilichoota, ukubwa wa punje ya kunde, ambacho daktari alikikata ndani ya utumbo wangu mpana akakipeleka maabara. Ninapoanza kuandika, majibu bado. Nilikuwa nimeahidi kuwaandikia vijana mnaoingia kazi ya lishe jinsi sisi tulivyoifanya, kabla ya vishikwambi vyenu vinavyojumlisha vyenyewe. Nimejaribu mara mbili kuandika bila kumtaja huyu punje ya kunde na nimeshindwa. Kazi yangu yote ilikuwa kuwauliza watu wamekula nini na wamekunywa kiasi gani, na kuyaamini majibu yao.

Nilianza ofisi ya mkoa, Tabora mjini, siku ya Jumatatu, nikiwa na viatu vya kisigino na bahasha ya vyeti. Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Afisa Lishe wa Mkoa, mtu mrefu wa Sikonge aliyezungumza polepole kana kwamba kila neno analipima kwanza. Hakuifungua bahasha. Alifungua kabati, akatoa mzani wa jikoni, kikombe cha bati, bakuli la plastiki na kata ya kibuyu, akavipanga mezani.

"Vyeti mpelekee mama yako aviangalie," alisema. "Hapa tunafanya kazi na hivi. Haya, umefika kwa mtu. Utajuaje kama anakunywa pombe?"

"Nitamuuliza, mzee. Mama, unakunywa pombe?"

"Atakujibu nini?"

"Ndiyo, au hapana."

"Atakujibu hapana. Mlango wa kutokea umemfungulia wewe mwenyewe, kwa nini asitoke? Muulize hivi: mama, mara ya mwisho kunywa ilikuwa lini, na zilikuwa kata ngapi? Anayekunywa ataanza kuhesabu. Asiyekunywa atacheka au atakufukuza, na vyote viwili ni majibu."

Niliandika hayo kwenye daftari. Nimewafundisha hayo watu wengi baadaye, na nitayarudia mbele kidogo kwa aibu yangu.

Kazi yenyewe tuliiita kumbukumbu ya saa ishirini na nne. Unakaa na mtu, mara nyingi mama wa nyumba, unamrudisha nyuma tangu jana alipoamka: chai ilikuwa na nini, ugali wa unga gani, mboga gani, nani alikula kwanza. Kila kitu unakipima kwa vyombo vyake, siyo vyako, kwa sababu bakuli la Urambo siyo bakuli la Tabora mjini. Ukirudi ofisini unafungua jedwali la vyakula, kitabu kinachoonyesha kila chakula kina nini ndani yake, unatafuta mstari wake, unazidisha. Kazi ya uvumilivu. Viatu vya kisigino vilikwisha kabla ya wiki ya pili.

Kituo changu cha pili kilikuwa Kaliua, pale njia ya reli ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma. Nilipangiwa kituo cha afya, chini ya Mganga Mfawidhi, mtu mwenye haraka aliyependa ripoti ziwe na ukurasa mmoja na habari njema. Kutoka hapo nilizunguka vijiji kwa pikipiki ya serikali, hadi Ulyankulu kwenye familia zilizotoka Burundi. Huko ndiko nilikogundua kwamba kata yangu haikunisaidia kitu. Walikunywa pombe ya ndizi kutoka chungu kimoja kwa mirija, watu sita au saba wameinama pamoja. Utamhesabia nani kata ngapi?

Mzee Nzeyimana, mwenye chungu, alinionea huruma.

"Binti, unatafuta nini humo ndani?"

"Shikamoo mzee. Natafuta kujua kila mtu amekunywa kiasi gani."

"Marahaba. Basi pima chungu kabla na pima baada, kisha gawanya."

"Nigawanye sawa kwa sawa?"

Wote walicheka hadi mirija ikawatoka. "Sawa kwa sawa!" alisema mwanamume mmoja, akimnyooshea kidole jirani yake. "Huyu Yohana hata misa anaisikiliza kwa mrija. Mwandikie nusu chungu, sisi tugawane mabaki."

Nikajifunza kumtazama mnywaji badala ya chungu. Ilikuwa hatua nzuri katika kazi. Nyumbani kwangu sikuifikisha.

Hapo Kaliua ndipo nilipofanya kosa ambalo sijui kama afisa aliyetoka mkoa mwingine angelifanya. Wanyamwezi, mvua zikiisha, hatuachi mboga ife shambani. Majani ya kunde yanachumwa, yanachemshwa, yanaanikwa juani mpaka yakauke yawe meusi, yanawekwa. Hiyo ndiyo nsansa. Kiangazi kizima, kuanzia mavuno mpaka mvua nyingine, nsansa inapikwa kwa karanga na kuliwa na ugali karibu kila siku. Sasa jedwali langu la vyakula lilikuwa limetengenezwa na watu wasiojua nsansa. Halikuwa na mstari wake. Lilikuwa na mstari wa majani mabichi ya kunde. Nikautumia huo. Nilikuwa nimelelewa kwa nsansa tangu nimeota meno, kwangu mimi ilikuwa majani ya kunde tu, basi. Kwa miaka minane niliandika kwamba watu wetu wanakula mboga za majani vizuri sana kiangazi, na Mganga Mfawidhi alifurahi, kwa sababu ilikuwa habari njema na ilienea kwenye ukurasa mmoja.

Ili muelewe kosa hilo lina uzito gani, lazima niwaeleze foleti. Ni vitamini ya kundi B. Kliniki ya wajawazito wanaigawa kwa vidonge pamoja na madini ya chuma na kuiita foliki asidi. Kwenye chakula imo katika mboga mbichi za kijani, maharage, kunde, maini, parachichi. Ngozi ya ndani ya utumbo mpana hujifanya upya kila baada ya siku chache: chembe za zamani zinapukutika, mpya zinanakiliwa kutoka kwa zilizopo. Foleti ni mojawapo ya vifaa vya kunakilia. Ikipungua, nakala zinatoka na makosa, na makosa yakirundikana kwa miaka mingi, chembe moja inaweza kuacha kutii. Huo unaweza kuwa mwanzo wa saratani.

Pombe inaingiaje hapo? Inauzuia utumbo kuinyonya foleti, inaifanya figo imwage nyingine kwenye mkojo, na mwili ukiivunja pombe unatoa sumu inayoharibu foleti na chembe zenyewe. Ndiyo maana wataalamu wameviangalia vitu hivi viwili pamoja. Pombe peke yake inaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Hilo halina ubishi mkubwa. Zipo pia dalili kwamba hatari inazidi kwa anayekunywa huku chakula chake kina foleti kidogo, ingawa hapo hawajakubaliana yote. Kumeza vidonge vya foliki kwa wingi hakujathibitika kuwa kinga, na wapo wanaohofia kwamba kwa mwenye uvimbe ulioanza vinaweza hata kuuchochea. Na hakuna mtaalamu aliyewahi kusema kwamba mboga inafuta pombe. Hilo nililisema mimi, kimoyomoyo, kwa faida yangu.

Nililisema baada ya kuhamishiwa Tabora, nikapewa kata za pembezoni mwa mji, ikiwemo Ntalikwa. Huko nilikutana na Bi Nyamizi. Alikuwa mkulima, mjane, mpishi wa wanzuki anayejulikana kuanzia kwake mpaka njia ya Kipalapala, na mdomo wake haukuwa na breki. Siku ya kwanza nilipofika na mzani wangu alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Ndiyo wewe mama lishe? Sufuria zako ziko wapi?"

"Mimi siuzi chakula, mama. Ni afisa lishe. Natazama watu wanakula nini."

"Yaani serikali inakulipa kutazama watu wakila?" Aligeukia wanawake wenzake. "Na mimi nimewatazama watoto tisa wakila miaka yote hiyo bure."

Kisha akanipa kata ya wanzuki. Kukataa cha kwanza cha mwenye nyumba ni kumwambia hutaki maneno yake. Nilikunywa kwa ajili ya kazi. Ilikuwa baridi, tamu kwa mbali, na ilinimalizia uchovu wa pikipiki. Ziara ya pili nilikunywa pia kwa ajili ya kazi. Ya tatu sikuwa na kazi Ntalikwa.

Familia yetu ni ya Kimoraviani na baba hakuruhusu hata harufu ya pombe mlangoni. Nami nilikuwa mtu anayesimama kwenye mikutano ya kijiji kuhubiri hatari zake. Kwa hiyo tulipatana na Bi Nyamizi: kila Jumamosi aliniletea galoni la wanzuki tukiliita la asali, na majirani wakasifu jinsi ninavyopenda asali. Jioni saa kumi na moja, nikitoka kazini, nilikaa nyuma ya nyumba na kata yangu. Nilikuwa na hesabu tayari. Ninakunywa kidogo, nikajiambia, na ninakula nsansa kila siku, foleti ninayo tele. Maharage sikuyala, yananijaza gesi. Mchicha ulinichosha. Nsansa ndiyo iliyokuwa wakili wangu.

Wakili huyo aliangushwa na Bi Nyamizi mwenyewe, bila kujua. Mkubwa wangu mpya wa mkoa, mwanamke asiyeamini karatasi, alitutaka tukae jikoni tangu chakula kinaanza kupikwa mpaka kinaisha, badala ya kuuliza tu. Nikachagua Ntalikwa. Bi Nyamizi aliloweka nsansa, akachemsha, akamwaga maji meusi uani. Akatia maji mengine na chumvi ya magadi ili ilainike, akachemsha tena, akamwaga tena. Foleti ni kitu kinachoyeyuka kwenye maji na kuharibiwa na moto na jua. Nilikuwa nimekaa na kalamu yangu nikitazama kile kilichosalimika jua kikizama kwenye udongo, kuku wanakanyaga.

"Kwa nini unamwaga maji, mama?"

"Ni machungu. Ukimpikia mwanamume na maji yale anarudi kwao."

"Lakini faida yote ya mboga si inaondoka?"

"Faida gani?" Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni. "Mwanangu, nsansa haina kitu. Ni ya kusindikiza ugali tu, upite kooni. Nani alikwambia ina kitu?"

Nilikuwa nimeliandika jambo hilo mimi mwenyewe, kwenye ripoti za miaka minane na zaidi. Siku ile njiani kurudi mjini nilizima pikipiki pembeni mwa barabara nikaanza kufikiri kama msomi, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kiangazi ndicho kipindi cha nsansa. Kiangazi pia ndicho kipindi cha malipo ya tumbaku, cha asali, cha harusi na ngoma, yaani cha pombe. Miezi ile ile ambayo watu wetu wanakunywa zaidi ndiyo miezi ambayo mboga yao haina foleti, nami nilikuwa nimeandika kinyume. Wasafiri wa misafara ya zamani waliopita hapa kuelekea Ujiji nadhani walikula hivyo hivyo, lakini wao hawakuwa na afisa wa kuwathibitishia kwamba wako salama.

Niliandika barua ndefu ya kusahihisha. Kaliua kulikuwa na Mganga Mfawidhi mwingine. Alinipigia.

"Mama, ripoti hizi zimeshapigwa muhuri."

"Ndiyo, daktari, lakini zina makosa."

"Makosa yenye muhuri yanahitaji muhuri mwingine, na mimi sinao."

Mkubwa wangu wa mkoa ndiye aliyelitatua. Alichukua kalamu, akaongeza mstari wa nsansa kwa mkono kwenye majedwali yote ya ofisi, akaagiza tuwafundishe wanawake kuanika kivulini, kupika muda mfupi, kutumia maji yale yale, na kula kunde zenyewe, siyo majani yake tu. Hiyo ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote. Bi Nyamizi alijaribu mara moja, akasema mboga imekuwa na ladha ya dawa, akaendelea na mtindo wake. Binti zake walibadilika.

Nami? Nilibadilisha mboga. Nilipanda mchicha nyuma ya nyumba, nikala kunde hata kwa gesi. Wanzuki haikupungua. Wakili wa kwanza alipoondoka niliajiri mwingine mwenye sifa bora, na kesi ikaendelea.

Nilistaafu kwa hiari nilipotimiza miaka hamsini na mitano, mwaka jana. Nilipewa kitenge, saa ya ukutani, na hotuba iliyonitaja kama mfano wa maisha bora. Nilipiga makofi pamoja na wengine, jambo ambalo halikupendeza. Miezi michache baadaye nikaona damu chooni. Nikasema bawasiri. Nilisema bawasiri kwa miezi minne, mimi niliyewafundisha watu kwamba damu kwenye choo haisubirishwi hata wiki mbili. Dada yangu ndiye aliyeniona nimekonda, akanipakia kwenye basi la Mwanza kwenda hospitali kubwa.

Huko muuguzi, msichana mpole, alijaza fomu akiwa anatazama karatasi.

"Mama, unavuta sigara?"

"Hapana."

"Unakunywa pombe?"

Dada yangu alikuwa amekaa pembeni yangu na mkoba wangu mapajani. Mlango ule wa mzee wa Sikonge ulikuwa wazi kabisa. Nikatoka.

"Hapana," nilisema.

Kinyama kilionekana, kikakatwa pale pale. Daktari, kijana mwenye sauti nzito, alinieleza kwamba majibu ya maabara yatachukua muda na yanaweza kuwa ya aina tatu: si kitu, kitu kilichoanza kubadilika, au saratani. Nilimwambia naelewa. Kuelewa hakukunisaidia kula.

Jumamosi iliyofuata Bi Nyamizi alikuja na galoni kama kawaida. Ana zaidi ya miaka sabini sasa na bado anatembea kwa miguu. Nilimwambia alirudishe.

"Asali imekukinai?"

Nikamweleza yote, hata la fomu. Hakunipa pole mara moja. Alikaa kwenye kibaraza, akaweka galoni katikati ya miguu yake.

"Uliwaambia hunywi?"

"Niliwaambia hivyo."

"Miaka yote hii nakubebea, nawe unanifanya mimi niwe mtu wa asali." Alicheka, lakini siyo sana. "Kata ngapi uliwaficha?"

"Moja kwa siku. Labda na nusu."

"Nyie! Galoni hili naliingizia kata ishirini na moja, na kila Jumamosi nalikuta kavu. Wewe si ndiye mwenye mzani? Gawanya."

Niligawanya. Ishirini na moja kwa siku saba. Nilikuwa nimevipima vyungu vya Ulyankulu kabla na baada, nikamtazama Yohana na mrija wake, na galoni langu mwenyewe sikuwahi kulitia kwenye hesabu. Siku zote nilikumbuka kata ya kwanza, ile ya saa kumi na moja.

Kwa hiyo vijana, haya ndiyo niliyonayo ya kuwaachia kuhusu kazi hii. Pimeni chombo. Ingieni jikoni. Chakula ambacho hakina mstari kwenye jedwali msikipe mstari wa jirani yake. Msimwambie mnywaji ale mboga ili aendelee kunywa. Mwambieni apunguze, na mboga ale kwa sababu ni mboga. Na dodoso lile lile unalompelekea Bi Nyamizi, lijaze kwanza wewe, mtu mwingine akiwa ameshika kalamu.

Nilikuwa nimefika hapo jana asubuhi simu ilipoita. Namba ya Mwanza. Niliiacha iite mara tatu, nikatoka nayo nyuma ya nyumba.

"Shikamoo mama," ilisema ile sauti nzito.

"Marahaba, daktari. Niambie tu."

"Si saratani."

Nilikaa chini, kwenye tofali la bustani ya mchicha.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Si saratani, lakini kilikuwa kimeanza kubadilika. Kingeachwa miaka kadhaa tungekuwa tunaongea mengine. Kimetoka chote. Utarudi tukuangalie tena, tarehe nitakupangia. Ila kuna jambo moja kwenye fomu yako nataka tuliweke sawa kabla sijalifunga faili."

"Lipi?"

"Mama, mimi ni mtu wa Urambo. Nimekulia kwa wafuga nyuki. Siku ile uliyofika, nilipokuinamia kukusalimia, harufu ya wanzuki niliijua. Kwa hiyo sikuulizi kama unakunywa. Mara ya mwisho ilikuwa lini, na kwa siku zilikuwa kata ngapi?"

Dada yangu, aliyekuja wiki hiyo kuniuguza, alikuwa jikoni anaosha vyombo, dirisha liko wazi. Nilimwona ameacha maji yanatiririka, amesimama.

"Mara ya mwisho ilikuwa usiku wa kuamkia safari ya Mwanza," nilisema, kwa sauti ya kutosha kufika dirishani. "Kata tatu, daktari. Kila siku, kwa miaka ishirini na miwili."

"Tatu," alirudia, na nikamsikia akiandika.